Maswali ya Wasomaji: Sufuria Imejaa Viungo, Mbona Chakula Ni Chapwa?

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha takriban zote, nazo zinalia kilio kimoja: chakula kimeiva, kimetiwa kila kitu, lakini kikifika kinywani hakisemi neno. Nimechagua tano, nikazifupisha bila kugusa maana yake, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi kama walivyoomba.

Nitangulize jambo moja ili nisilirudie katika kila jibu. Neno hili "chapwa" tunalitumia kwa magonjwa mengi yasiyofanana. Chakula ambacho chumvi haikukolea ni chapwa, kisicho na chembe ya uchachu ni chapwa, kilichochemshwa tu bila kuonja moto mkali ni chapwa, na hata pilau ya harusi ni chapwa ikiliwa na mtu mwenye mafua. Anayeongeza pilipili manga kwenye sufuria inayodai ndimu hana tofauti na anayebadilisha utambi wa taa iliyokwisha mafuta.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mama lishe hapa Majengo, Moshi, nauza wali na ugali kwa maharage, na wateja wangu ni mafundi na madereva wa bodaboda. Tangu mwezi uliopita wananitania kwamba maharage yangu ni maji ya mto. Ninayachemsha na magadi ili yaive haraka kwa kuwa mkaa umepanda bei, ninayaunga kwa kitunguu, nyanya, karoti na hoho, na chumvi ninaitia mwishoni kabisa kwa sababu nilifundishwa kwamba chumvi huyafanya maharage yawe magumu. Nimeongeza viungo vya pakiti, hali ni ile ile. Nifanyeje?
Mama lishe, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Umenirahisishia kazi kwa kueleza hatua zako moja baada ya nyingine, kwa sababu kosa halimo kwenye ulivyoongeza bali limo kwenye vitu viwili ulivyovitaja kwa kupita tu, yaani magadi na ile chumvi ya mwishoni.

Nianze na magadi. Ni kweli yanalainisha maharage upesi. Lakini magadi ni adui wa ndimu: uchachu wote uliomo kwenye nyanya zako yanauzima, na chakula kilichozimwa uchachu hulala kinywani kama unga mbichi. Yakizidi kidogo tu, mchuzi unapata harufu na utelezi wa sabuni. Nilipokuwa nikipika katika jiko la shule moja ya bweni, siku moja nilichota magadi kwa kiganja badala ya kijiko kwa kuwa kengele ya saa saba ilikuwa inakaribia. Maharage yaliiva mapema kuliko siku zote, yakapasuka vizuri, na wanafunzi wakayarudisha ndoo kwa ndoo. Nilitia chumvi, nikatia nyanya ya kopo, nikatia binzari, na hakuna kilichosaidia hadi mzee mmoja tuliyekuwa naye jikoni alipochota bakuli moja, akakamulia ndimu, akanipa nionje. Bakuli lile lilikuwa na ladha ambayo sufuria nzima haikuwa nayo. Zaidi ya hayo, magadi huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na magadi yanayotoka upande wa Ziwa Natron mara nyingi huwa na floridi nyingi, madini yale yale yanayoyatia madoa ya kahawia meno ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro. Kwa hiyo ningekushauri uyaache kabisa.

Najua utaniuliza habari ya mkaa, na una haki. Huku kwetu maharage yana sababu ya kuchelewa kuiva. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kila unapopanda mita 300 hivi unapoteza karibu nyuzi moja. Moshi mjini, penye mita 800 na ushei, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Arusha, penye mita zipatazo 1,400, kwenye nyuzi 95 hivi. Ukishindilia mkaa, maji hayapandi joto zaidi ya hapo. Yatakachofanya ni kukauka upesi, nawe uongeze mengine baridi na kuanza upya. Kinachookoa mkaa ni kuloweka usiku kucha na kufunika sufuria. Kuna na njia ya bibi zetu: maharage yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu kwa nusu saa, ipua sufuria ikiwa imefunikwa, izungushie blanketi zito ndani ya kikapu, uiache saa mbili au tatu. Utakapoirudisha jikoni, kazi iliyobaki ni ndogo, ila hakikisha yanachemka tena sawasawa kabla ya kuyauza.

Sasa chumvi. Hapa napingana na waliokufundisha, ingawa najua ni wengi na wengine ni wakubwa zangu. Chumvi haiyakazi maharage. Ukiyaloweka kwenye maji yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa kila lita, chumvi inaingia kwenye ganda na kuondoa sehemu ya kalsiamu na magnesiamu zinazolikaza, hivyo ganda linalainika vizuri zaidi, na kila punje inakuwa imekolea hadi ndani. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, uchemshe kwa maji mapya. Chumvi inayotiwa mwishoni inabaki kwenye mchuzi. Mteja anaonja mchuzi wenye chumvi, halafu anatafuna punje isiyo na kitu, na hicho ndicho anachokiita maji ya mto. Vinavyoyakaza maharage kweli ni viwili: uzee wa maharage yenyewe, na uchachu unaotangulia. Ndiyo maana nyanya zisiingie kabla punje haijapondeka kati ya vidole viwili. Ukipata maharage mapya ya Lyamungo, yale yaliyobeba jina la kituo cha utafiti cha kule Hai, utaona tofauti hata kabla hujayaunga.

Yakishaungwa, chota pawa mbili, uyaponde kwa mwiko, uyarudishe sufuriani ili mchuzi ushikamane na punje. Kisha fanya jaribio ninalolifanya hadi leo. Tia vijiko viwili vya mchuzi katika visahani vitatu. Cha kwanza kitie punje chache za chumvi, cha pili tone la ndimu au maji ya ukwaju, cha tatu sukari kwa ncha ya kijiko. Onja kimoja kimoja ukinywa maji katikati. Kisahani kitakachokufanya utake kijiko cha pili ndicho kinachokuambia sufuria inadai nini. Kwa maharage yako, nadhani kitakuwa cha ndimu.

SWALI: Habari za kazi, mwandishi? Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimepanga chumba Sakina, Arusha, na ninapikia mtungi mdogo wa gesi. Nikipika mchuzi wa nyama natia tangawizi, kitunguu saumu, manjano, binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, vyote kwa mpigo, kisha naongeza maji ya kutosha na kuacha ichemke. Nyama inaiva, lakini mchuzi una harufu ya duka la dawa na ladha ya maji. Je, nipunguze viungo au niongeze?
Mpishi wa chumba kimoja, Sakina

JIBU: Mwanangu, viungo vinane kwa nusu kilo ya nyama ni mkutano wa hadhara, kila mmoja anataka kuzungumza. Punguza. Lakini hata ukipunguza, hutafika mbali kama hujabadilisha mambo mawili, nayo ni moto na mafuta.

Fikiria nyama choma ya Kwa Mrombo hapo hapo Arusha kwenu. Ina nini zaidi ya chumvi? Hata hivyo hakuna aliyewahi kuiita chapwa. Sababu ni kwamba nyama inayopakana na moto mkali inabadilika rangi kuwa ya kahawia, na katika kubadilika huko zinazaliwa ladha na harufu ambazo hazikuwamo ndani yake hapo mwanzo. Mfaransa mmoja mwanakemia, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1912: protini na sukari zilizomo kwenye chakula hukutana na kuungana zinapopata joto, na jikoni kazi hiyo hushika kasi kuanzia nyuzi 140 hivi. Nyama yako unaitosa kwenye maji ambayo kwa Arusha hayavuki nyuzi 95. Hata ukiichemsha hadi kesho, haitapata rangi hiyo.

Basi fanya hivi. Ipanguse nyama maji kwa kitambaa safi, kwa sababu nyama iliyolowa itachemka kabla ya kukaangika. Itie chumvi. Acha mafuta yapate moto hadi yaanze kutetemeka, kisha weka vipande vichache, visisongamane, wala usivikorogekoroge. Kipande kitang'ang'ania sufuria, nawe kiache, maana kikishapata rangi kitaachia chenyewe. Kigeuze, kitoe, weka vingine. Chini ya sufuria patabaki ukoko wa kahawia. Huo usiukwangue ukautupa, wala usiulowekee sabuni, kwa sababu ndio mchuzi wenyewe.

Punguza moto, tia vitunguu vilivyokatwakatwa pamoja na chumvi kidogo. Vile vyekundu vya Mang'ola vinafaa sana kwa kazi hii. Maji ya kitunguu yatalegeza ule ukoko, nawe uukokore kwa mwiko. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Dakika ya tano kitunguu kimelainika na bado kina ukali unaochoma pua. Dakika ya kumi kinaanza kung'aa na kunywea. Kati ya dakika ya kumi na tano na ishirini kinakuwa na rangi ya asali, harufu ya ukali imeondoka, na utamu wake umejitokeza. Wanaokwambia kitunguu kinaiva kwa dakika tatu hawajawahi kukingoja. Kama gesi inakutia wasiwasi, kaanga vitunguu vya wiki nzima siku moja na uvihifadhi kwenye chombo kilichofunikwa mahali penye baridi.

Baada ya hapo tia saumu na tangawizi iliyotwangwa, dakika moja tu, kisha viungo vyako vya unga viwili au vitatu ndani ya mafuta yale yale kwa nusu dakika, ukikoroga visiungue. Harufu ya binzari, ya iliki na ya karafuu huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Ukivitia kwenye maji yanayotokota, harufu inaondoka na mvuke, jirani anaifaidi kupitia dirishani, na wewe unabaki na unga uliolowa. Nyanya zifuate, ziive hadi mafuta yajitenge pembeni. Nyanya zilizoiva sawasawa, kama zile zinazoshuka kutoka Ngarenanyuki, zina ladha nzito inayofanana na ya nyama, na ladha hiyo imo zaidi katika ule utelezi unaozunguka mbegu, kwa hiyo usiukamue ukautupa. Sasa rudisha nyama na utie maji ya moto yasiyozidi usawa wa vipande. Hayo maneno yako "maji ya kutosha" yamenitisha: mchuzi unapungua kwa kukauka, haukolei kwa kuongezewa maji. Funika, moto mdogo, na dakika kumi za mwisho fungua kifuniko. Kotimiri iingie sufuria ikishaipuliwa.

Kuhusu harufu ya duka la dawa, nadhani ni karafuu, kwa kuwa kiini chake ndicho hicho kinachotumika kutuliza maumivu ya meno. Mbili zinatosha kwa nusu kilo. Na kabla hujanunua kiungo cha unga sokoni, omba kidogo, kisugue kiganjani. Kisiponukia kiganjani, hakitanukia sufuriani.

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Marangu na mama mkwe wangu, ambaye ana shinikizo la damu na daktari amemwagiza apunguze chumvi. Tangu nianze kumpikia kwa utaratibu huo, anaonja kijiko kimoja, anasukuma sahani, na kuwaambia wageni kwamba mwanawe alioa asiyejua kupika. Anachokipenda zaidi ni mtori. Juzi nimemkuta akijitilia chumvi mbichi kwa siri. Nitamfurahishaje bila kumdhuru?
Mkamwana, Marangu

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole, kwa maana umebebeshwa lawama ya dawa ambayo hukuiandika wewe.

Kwanza fahamu kwamba anachokisema mama huenda ni kweli kwa upande wake. Tunavyozeeka, pua hupungua nguvu, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya koo tunapotafuna. Bana pua yako ule kipande cha embe, utaona kinabaki utamu na uchachu tu, embe lenyewe limetoweka. Baadhi ya dawa nazo hubadilisha ladha, jambo linalofaa kuulizwa atakapokwenda kliniki. Chumvi ilikuwa imemsaidia kuziba pengo hilo, na imeondolewa ghafla.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, na hesabu hiyo inajumlisha iliyomo kwenye mkate, kwenye samaki wa chumvi na kwenye viungo vya pakiti. Soma nyuma ya pakiti: vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake, na mara nyingi chumvi ndiyo inayoongoza msafara. Kama daktari amempa kipimo chini ya hapo, fuata cha daktari. Ila kama hakusema ikatwe siku moja, ipunguze hatua kwa hatua, kwa sababu ulimi huzoea: baada ya wiki kadhaa, chakula kilichoonekana chapwa kinaanza kuonekana cha kawaida, na cha zamani kinakuwa cha chumvi mno. Jambo lingine ambalo ningelipigania ni kwamba nyumba nzima ile chakula hicho hicho. Mtu mzima akitengewa sufuria yake kama mgonjwa, atakataa hata kama umeitia asali.

Haya, mtori. Wengi huuchemsha kwa nyama na ndizi pamoja, kisha huponda na kutegemea chumvi iusimamishe. Wewe anza kwa kuibanika mifupa juu ya makaa hadi ipate rangi, halafu ichemshe kwa moto mdogo saa tatu au zaidi na kitunguu kizima kilichobabuliwa, ili supu iwe nzito ya kunatanata hata kabla ya ndizi kuingia. Tumia ndizi za mshare, kwa kuwa zinapondeka laini na zina utamu wa chini kwa chini. Kaanga kitunguu kingine taratibu hadi kiwe rangi ya asali, kiponde humo pamoja na kitunguu saumu. Mwishoni saga pilipili manga hapo hapo, isiwe iliyosagwa mwaka jana, na ukamulie ndimu. Uchachu huufanya ulimi uhisi chumvi ni nyingi kuliko ilivyo. Majirani zetu wa Arusha walilijua hilo bila kuambiwa na daktari, maana loshoro yao, mahindi na maziwa mgando, haidai chumvi nyingi.

Kuna ujanja mmoja zaidi, nao utasaidia kumaliza ile siri ya chumvi mbichi. Usitie chumvi yote sufuriani. Pima fungu lake la mlo huo, tia nusu jikoni, na nusu nyingine mpe mezani ainyunyize mwenyewe juu ya bakuli. Chumvi iliyo juu inagusa ulimi kwanza, hivyo kidogo kinasikika kingi, na yeye atakuwa ametia chumvi kwa mkono wake bila kuvuka kipimo. Mpe na mboga zenye ladha ya kujitegemea, kama mnafu uliopikwa kwa maziwa au kwa karanga zilizokaangwa na kutwangwa, ambazo hupunguza uchungu wake.

Tahadhari mbili. Zipo chumvi mbadala zinazotengenezwa kwa potasiamu. Usimpe bila ruhusa ya daktari, kwa sababu ni hatari kwa mwenye matatizo ya figo na kwa wanaotumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Na hiyo chumvi kidogo atakayokula iwe yenye madini joto, wala usiiache wazi, hasa kwetu huku milimani ambako rovu, ule uvimbe wa shingo wa kukosa madini hayo, si jambo la kusimuliwa.

SWALI: Mume wangu akiona chakula hakina ladha anamimina pilipili hadi machozi yanamtoka, na anasema sasa kimenoga. Je, pilipili huongeza ladha kweli?
Msomaji, Kiborloni, Moshi

JIBU: Ukali wa pilipili si ladha, dada yangu. Ni mishipa ya fahamu ya kuhisi joto inayodanganywa kwamba kinywa kinaungua, na David Julius wa Marekani, aliyetumia pilipili kuigundua njia ya udanganyifu huo, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2021. Mumeo anasikia msisimko na kuuita ladha. Hata hivyo pilipili mbuzi mbichi ina harufu nzuri sana, kwa hiyo mtumbukizie moja nzima isiyopasuliwa kwenye mchuzi unaotokota, uitoe kabla ya kupakua. Siku atakapozidisha, mpe maziwa, kwa kuwa maji hayauondoi ukali huo.

SWALI: Mwandishi, nauza chakula karibu na soko la Kilombero, Arusha. Mwenzangu wa banda la pili anatumia unga mweupe wa chengachenga unaofanana na sukari, na wateja wake ni wengi. Wengine wanasema una sumu. Nami niutumie?
Muuza mchicha na ugali, Kilombero

JIBU: Unga huo ni chumvi ya glutamati. Asili yake ni Japani, ambako mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda aliutafuta utamu wa supu ya mwani wa kombu na kuukuta umo katika glutamati. Ladha hiyo akaiita umami, nayo huhesabiwa ya tano baada ya utamu, uchachu, uchungu na chumvi. Ni kitu kile kile kilichomo kwenye nyanya iliyoiva na kwenye nyama. Mamlaka za chakula za Marekani zinauhesabu kuwa salama kwa matumizi ya kawaida, na wanaolalamika kuumwa kichwa baada ya kuula wapo, ingawa majaribio hayajaonyesha jambo hilo kwa uthabiti. Una sodiamu, ila ni karibu theluthi moja tu ya ile iliyomo katika uzito ule ule wa chumvi ya mezani. Kwa hiyo sumu si neno lake. Ninachokichukia ni uvivu unaokuja nao: chakula cha kila banda kinakuwa na ladha moja, na mchicha hauna tena ladha ya mchicha.

Wewe unauza mchicha, na dawa yako iko sokoni hapo hapo. Nunua dagaa wakavu, wale wanaong'aa na wasio na harufu ya kuvunda, uwachambue mchanga na kuwatoa vichwa, maana vichwa vina uchungu. Wakaange kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, kwa moto mdogo, ukitikisa, hadi wawe wepesi na wakivunjwa walie. Waache wapoe kabisa kabla ya kuwatwanga, la sivyo watashikana kwenye kinu. Chekecha, weka kwenye chupa kavu. Unga huo uingie wakati kitunguu kinaendelea kukaangika, si wakati mchicha umeshaingia, na chumvi uitie baada ya kuonja, kwa kuwa dagaa wana yao. Kijiko kimoja cha chai kwa sufuria ya watu wanne kinatosha. Ukivuka hapo, hata mwenzako wa banda la pili atajua umetia nini.